MJI UNAOISHI KWA ZAMU YA MAJI
Somo la Jiografia juu ya Ngurubani na mashamba ya mpunga ya Mwea

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha habari za kilimo cha kunyunyizia maji katika Kidato cha Tatu. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono, akaniuliza: "Mwalimu, ikiwa Bwawa la Thiba limekwisha kujengwa, mbona watu wa Mwea wangali wanagombania maji?" Kengele ililia kabla sijamjibu. Swali lile nilikwenda nalo nyumbani, maana mimi ni mzaliwa wa Mwea, na katika jambo hili la kugombania maji mimi mwenyewe nimo miongoni mwa wakosaji. Basi nimemwomba Mhariri anipe nafasi nilijibu hapa, ili wazazi nao wapate kusoma.

1. MAHALI PENYEWE

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Embu hukata kulia penye Makutano, kisha huingia katika uwanda mpana. Upande wa kaskazini, asubuhi isiyo na mawingu, huuona Mlima Kenya ambao wenyeji huuita Kirinyaga. Baada ya mwendo wa kadiri ya kilomita 100 tangu Nairobi hufika Ngurubani, mji mdogo ambao katika ramani nyingi huandikwa Wang'uru.

Ukishuka garini hapo huna haja ya kuuliza watu wa mji huu wanaishi kwa kazi gani. Kando ya barabara maduka yamepanga magunia wazi ya mchele wa pishori, na nyuma ya maduka mashine za kukoboa zinanguruma. Huyu anabeba magunia, yule anashona magunia, mwingine anatengeneza trekta, mwingine anawapikia makuli. Hata fundi cherehani asiye na jaruba moja hula mpunga, maana nguo za watoto hushonwa baada ya mavuno. Mwenye duka hukopesha sukari na mafuta akiandika daftarini, naye hulipwa mpunga ukiuzwa. Karo za shule hungoja siku hiyo hiyo. Mpunga ukichelewa mwezi mmoja, mji mzima huchelewa mwezi mmoja.

Lakini angalieni jambo hili. Uwanda huu hupata mvua ya kadiri ya milimita 900 tu kwa mwaka, nayo huja kwa vipindi viwili: mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Mvua hiyo yatosha maharagwe, na mahindi pia ikiwa mwaka ni mwema. Mpunga wa kusimama majini haitoshi hata kidogo. Mbele ya jua la Januari uwanda huu, ukiachwa wenyewe, hukauka na kupasuka. Kwa hiyo mji wa Ngurubani upo kwa sababu maji yameletwa na watu.

2. JINSI MAJI YANAVYOFIKA

Mito miwili ndiyo mama wa mashamba haya: Thiba na Nyamindi. Yote miwili huanza katika misitu ya Mlima Kenya, huteremka, na mwisho maji yake huingia katika mto Tana. Katika kila mto pamejengwa banio, yaani ukuta wa kuzuia maji yapande kidogo na kuingia katika mfereji mkuu. Hakuna pampu. Maji huteremka yenyewe kwa sababu mlimani ni juu na uwandani ni chini, na mifereji imechimbwa kwa mteremko mdogo sana, wa kutosha kuyapeleka bila kuichimbua kingo.

Mfereji mkuu hugawanyika katika matawi, matawi hugawanyika katika mifereji midogo, na kila mfereji mdogo hulisha majaruba ya wakulima waliopangwa mmoja baada ya mwingine. Mashamba ya asili yamegawanywa sehemu tano: Tebere, Mwea, Thiba, Wamumu na Karaba. Tebere hunywa maji ya Nyamindi, na nyingine hunywa ya Thiba. Upo pia mfereji wa kuunganisha, unaochukua sehemu ya maji ya Nyamindi na kuyatia katika Thiba, kwa kuwa Thiba peke yake hauwezi kuzilisha sehemu nne.

Udongo wa Mwea ni mweusi na wa kunata. Ukilowa huvimba na kufunga matundu yake, ndiyo maana maji husimama juu yake kama ndani ya bakuli. Ukikauka hunywea na kupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kutia mkono. Kumbukeni nyufa hizo, kwani tutazirudia. Jaruba lililokosa zamu moja huhitaji maji mengi zaidi katika zamu ya pili, maana yale ya kwanza hupotelea katika nyufa kabla mmea haujayaona.

3. HISTORIA KWA UFUPI

Mifereji ya kwanza ilichimbwa katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari. Walioichimba wengi wao walikuwa wafungwa wa kizuizini waliokamatwa kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Yafaa tukila pishori tuwakumbuke watu hao, waliofanya kazi bila hiari yao kwenye jua, nao hawakujua kama wao au watoto wao watavuna chochote humo.

Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1966 iliunda Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji Maji, nayo ikakabidhiwa Mwea. Aghalabu mkulima alipewa eka nne. Alikuwa na kibali cha kulima, hakuwa na hati ya kumiliki ardhi. Bodi ililima kwa matrekta, ikatoa mbegu na mbolea, ikagawa maji, na mkulima akapeleka mpunga wake kwa Bodi. Gharama zilikatwa, akalipwa salio. Faida ya mpango huo ni kwamba kila mtu alijua siku yake ya maji. Hasara yake ni kwamba mkulima hakuwa na sauti juu ya bei wala makato.

Mwaka 1998 wakulima walikataa kuipelekea Bodi mpunga, wakaamua kukoboa na kuuza wenyewe kwa chama chao cha ushirika. Wengi walishangilia, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Lakini mkono uliokuwa umeshika makato ndio uliokuwa umeshika funguo za malango ya maji. Ulipoondoka, malango yalibaki bila bwana. Kadhalika watu wengi walichimba majaruba mapya nje ya mpango, wakayaunganisha na mifereji ile ile ya zamani. Vinywa viliongezeka na mto haukuongezeka.

4. HESABU YA MAJI

Chukueni kalamu tufanye hesabu, maana jambo hili halieleweki vizuri kwa maneno matupu.

Eka moja ni mita za mraba 4,047. Eka nne basi ni kadiri ya mita za mraba 16,200. Tuseme jua na mmea kwa pamoja huondoa maji ya kina cha milimita 5 kwa siku. Katika eka nne hizo ni mita za ujazo 81, yaani lita 81,000. Debe ni lita 20. Kwa hiyo shamba la mtu mmoja hunyweshwa madebe 4,050 kila siku ili mpunga usione kiu. Hakuna mama awezaye kuteka hayo kwa kichwa, hata akisaidiwa na kijiji kizima.

Pishori hukaa kadiri ya siku 120 tangu mbegu hata mavuno. Zidisheni milimita 5 kwa siku 120: ni milimita 600. Ongezeni maji ya kulowesha ardhi kabla ya kuivuruga, na yale yanayopenya chini na kandokando. Mtaona kwamba msimu mmoja wa mpunga hula maji ya kina cha mita moja na pengine zaidi.

Sasa fikirini mfereji mdogo wenye wakulima ishirini. Wa kwanza kichwani akichukua kupita haki yake kidogo tu, na wa pili akifanya hivyo hivyo, wa tatu naye, je, wa ishirini atapata nini? Watu hao wote si wezi wakubwa. Kila mmoja amezidisha kidogo. Lakini mtu wa mkiani hupokea jumla ya vidogo vyote. Nami nilizaliwa mkiani, upande wa Karaba.

5. NILIVYOIBA MAJI

Mwaka 2000 ulikuwa mwaka wa ukame Kenya nzima. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, nangoja mtihani wa Darasa la Nane. Mto ulipungua, na wazee wa mfereji wetu walikaa wakapanga zamu: sisi Jumatatu na Alhamisi, na mama mmoja mjane aliyekuwa na shamba chini yetu Jumanne na Ijumaa. Sisi watoto wote tulimwita Nyanya. Alikuwa akiishi na mjukuu wake, ambaye tulikaa naye dawati moja.

Zamu yetu ilikuwa ikifika maji yakiwa yamekwisha kuliwa huko juu. Majaruba yetu yalianza kupasuka. Baba alikuwa akifanya kibarua cha usiku katika kinu cha mjini, na mama alisema mbele yangu, "Mpunga huu ukifa, mwanangu, sijui utaingiaje Kidato cha Kwanza." Maneno hayo yalinikaa moyoni.

Usiku wa Jumanne niliondoka nyumbani yapata saa nne. Nilijaza gunia matope, nikaliweka katikati ya mfereji chini ya tundu letu, nikapanua tundu kwa jembe. Maji ya Nyanya yakageuka yakaingia kwetu. Saa kumi za alfajiri nikaliondoa gunia, nikalitupa majanini, nikaenda kulala. Ijumaa nikafanya tena.

Siku hizi naweza kukadiria nilichochukua. Tuseme mfereji ulikuwa ukileta lita 30 kwa sekunde. Kwa saa sita ni lita 648,000, yaani madebe 32,400. Nikiyatandaza juu ya eka zetu nne yanakuwa kina cha sentimita 4 tu. Yanaonekana kidogo kwa aliyeyapata. Lakini mpunga wa Nyanya ulikuwa ukitoa maua wiki hiyo, na hapana wakati ambapo mpunga huumizwa na kiu kama wakati wa maua. Ua lisiposhika, ganda hukua bila kiini. Punje kama hizo huitwa mapepe.

Mavuno yalipofika nilipita kwenye tuta kati ya mashamba yetu mawili. Masuke yetu yalikuwa yameinama kwa uzito. Masuke ya Nyanya yalisimama wima. Asiyejua mpunga angesema kwamba shamba zuri ni lake. Eka moja iliyozoea kumpa magunia ishirini ilimpa tisa. Januari mimi niliingia Kidato cha Kwanza. Mjukuu wake alibaki nyumbani mwaka mzima akibeba magunia Ngurubani, ndipo akaingia shule nyuma yangu.

Sikumwambia mtu yeyote. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa ualimu nilimwendea, nikamkuta anapepeta mchele kibarazani. Nilimwambia, "Nyanya, mwaka ule wa ukame, mimi ndiye niliyeziba mfereji."

Akajibu, "Najua, mjukuu wangu. Gunia nililiokota majanini. Lilikuwa na nambari ya shamba la baba yako."

Nikamwuliza kwa nini hakusema mbele ya wazee.

Akasema, "Ningesema ninyi mmenizibia mimi, baba yako angesema nani amemzibia yeye. Yule naye angemtaja wa juu yake. Tungepigana shamba kwa shamba mpaka banioni, na mpunga wa watu wote ungekauka tukiwa katika kesi."

Nilimpa pesa nilizokwenda nazo. Alizipokea, akazihesabu polepole, akazifunga katika pindo la leso. Kisha akaniambia, "Hizi ni za mpunga, nashukuru. Mwaka wa mjukuu wangu huwezi kuulipa."

Amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Maneno yake yale mawili, lile la banio na lile la mwaka, ndiyo somo lenyewe la jiografia ya Mwea, nami nilijifunza kabla sijafika chuoni.

6. BWAWA NA ZAMU

Sasa nirudi kwa swali la mwanafunzi wangu. Baada ya miaka ile ya fujo, Bodi na wakulima walipatana tena. Bodi ilishika mabanio na mifereji mikuu, na wakulima, kwa chama chao cha watumiaji wa maji, wakashika mifereji midogo. Sheria ya mwaka 2019 iliigeuza Bodi kuwa Mamlaka. Ujenzi wa Bwawa la Thiba ulianza mwaka 2018, na mwezi wa Oktoba 2022 likafunguliwa. Ukuta wake una kimo cha mita 40 na urefu wa kadiri ya kilomita moja, nalo huweza kuweka mita za ujazo milioni 15.6. Ni kazi kubwa, na faida yake ni dhahiri: maji ya masika ambayo zamani yalikimbilia Tana huwekwa akiba, yatumike miezi ya kiangazi. Kusudi lake ni kwamba mahali palipovunwa mara moja kwa mwaka pavunwe mara mbili.

Lakini tufanye hesabu moja zaidi. Tuchukue mashamba ya eka 25,000. Ni zaidi kidogo ya mita za mraba milioni 101. Bwawa likijaa pomoni, na maji yake yote yakimwagwa juu ya mashamba hayo bila kupotea hata tone njiani, yatasimama kina gani? Gawanyeni milioni 15.6 kwa milioni 101. Jibu ni sentimita 15, ambazo ni urefu wa rula yenu ndogo. Kwa milimita 5 kila siku, maji hayo yangetosha siku 30 tu, nao mpunga wahitaji siku 120.

Hivyo bwawa ni ghala ya kutuvusha katika siku mbaya. Mto ungali ndio unaolisha, na zamu ingali ndiyo inayogawa. Tena, watu wakiona bwawa limejengwa huongeza majaruba na kutaka kupanda mara mbili. Hapo kiu hukua pamoja na ghala. Ndiyo maana, mwanafunzi wangu, watu wangali wanagombana.

Je, dawa ni nini? Nataja nne nizijuazo.

Kwanza, kufyeka na kuzoa matope ya mifereji kabla ya msimu. Mfereji ulioota magugu hunyima maji mkia hata kama hakuna mwizi.

Pili, kufuata kalenda ya kupanda kwa makundi. Mashamba yote yakiloweshwa wiki moja mto hautoshi. Yakiloweshwa kwa zamu, mto ule ule hutosha.

Tatu, kutumia maji kwa akili. Mwaka 2009 wakulima wachache wa Mwea walianza kujaribu namna mpya ya kulima mpunga: kupandikiza miche michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi pana na mistari iliyonyooka, na kuliacha jaruba likauke kidogo kabla ya kulijaza tena. Wazee walicheka, maana waliamini mpunga ni kama samaki. Walioifuata vema namna hiyo waliona kwamba mpunga waweza kuzaa vizuri kwa maji machache zaidi. Kazi ya palizi huongezeka, kwa kuwa maji yaliyosimama ndiyo yanayozuia magugu, na lazima kuangalia sana nyufa zile nilizozitaja zisianze.

Nne, na hii ndiyo ngumu kuliko zote, kuheshimu zamu wakati hakuna anayekuona. Lango la chuma laweza kufungwa kwa kufuli, lakini mfereji ni mrefu na usiku ni mwingi.

7. NENO LA MWISHO

Waswahili husema, maji hufuata mkondo. Katika uwanda wa Mwea mkondo huo umechimbwa na watu na hulindwa na watu, na siku wakiacha kuulinda, Ngurubani haitakuwa na mchele wa kuuza, wala maduka hayatakuwa na mtu wa kumkopesha. Wazazi wapendwa, watoto wetu watarithi majaruba haya yakiwa yamegawanywa madogo kuliko tuliyorithi sisi. Tuwafundishe zamu mapema. Nanyi wanafunzi, mkipanga foleni mferejini asubuhi kwenye bomba la shule, na mwenye nguvu akataka kupita mbele, mjue kwamba mkiani yupo mtu anayengoja, na huenda mnakaa naye dawati moja.

MASWALI

1. Chora ramani ndogo inayoonyesha mito ya Thiba na Nyamindi, mabanio, mfereji wa kuunganisha, na sehemu tano za mashamba ya Mwea.

2. Eleza kwa nini udongo mweusi wafaa kwa mpunga, na kwa nini ni hatari ukiachwa ukauke katikati ya msimu.

3. Mkulima ana eka mbili. Ikiwa maji ya milimita 6 hupotea kila siku, atahitaji madebe mangapi kwa siku moja? Na kwa siku saba?

4. Ikiwa mashamba yataongezeka kufika eka 35,000, Bwawa la Thiba likiwa limejaa litatosha siku ngapi bila msaada wa mto? Tumia milimita 5 kwa siku.

5. Kwa nini punje pepe husimamisha suke wima?

6. Jadilianeni darasani: Je, Nyanya alifanya vema kunyamaza? Kila upande utoe sababu zake, kisha mwulizeni mzee mmoja wa nyumbani kwenu angefanya nini.